JE, ULIMWENGU UNA MWANZO? Wayunani Walivyobishana na Wanazuoni Wetu Walivyowajibu

(Nakala ya mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi katika darsa za Ramadhan, Sindo)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho. Ama baad.



Huenda mada hii ikamshangaza mtu. Atasema, Ramadhan ni mwezi wa Qur'ani, sasa Wayunani wa kale wanaingiaje hapa? Subira kidogo, ndugu msomaji. Jambo hili linagusa imani ya mtoto wako aliye sekondari, na mwisho wa maneno haya utaona kuwa linagusa hata tende unayoitia mdomoni wakati wa kufuturu.

Kijana wetu hapa Sindo anasoma shule moja na watoto wa dini nyingine, mara nyingi yeye ni mmoja au wawili darasani. Mwalimu anafundisha kwamba ulimwengu ulianza zamani sana, kwamba jua ni nyota, kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana. Kijana anarudi nyumbani ana maswali. Akimuuliza mkubwa, anaambiwa: "Wacha hayo, utakufuru." Akiwauliza wenzake, wanamwambia: "Dini ni ya wazee, sayansi ndiyo kweli." Basi anabeba swali lake peke yake. Wa kwanza amemfukuza mlangoni, wa pili amemvuta nje. Na wote wawili hawajui kuwa swali hilo si geni. Lina zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano, na Waislamu waliotutangulia walikaa nalo, wakalipima na wakalijibu.

WAYUNANI WALISEMA NINI?

Wayunani, ambao leo tunawaita Wagiriki, waliishi pande zote za bahari ya Mediterania. Katika karne ya 6 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), katika mji wa Mileto ambao leo uko pwani ya Uturuki, alikuwepo mtu aitwaye Thales. Watu wake walizoea kueleza kila jambo kwa hadithi za miungu: ngurumo ni mungu amekasirika, tetemeko ni mungu mwingine anatikisa ardhi. Thales akauliza swali jingine kabisa: vitu vyote hivi, asili yake ni nini? Akajibu kuwa asili yake ni maji, na kwamba ardhi inaelea juu ya maji.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Anaximander, aliyekuwa mji huohuo, akasema hapana, asili haiwezi kuwa maji wala kitu chochote tunachokijua, bali ni kitu kisicho na mpaka. Akaongeza kuwa ardhi haielei juu ya kitu, imetulia katikati kwa sababu iko sawasawa na pande zote. Anaximenes akasema asili ni hewa. Heraclitus wa Efeso akasema ni moto, na kila kitu kinabadilika daima. Akaja Parmenides akasema kinyume chake: hakuna mabadiliko kabisa, macho yanatudanganya. Empedocles akataka kuwapatanisha, akasema asili ni vitu vinne: moto, hewa, maji na udongo. Democritus akasema kuna chembe ndogo sana na utupu tu, na chembe hizo zikigongana na kushikana ndipo vitu vinatokea, bila ya mpangaji.

Wengine waliulipia ubishi huu. Anaxagoras alisema jua ni jiwe linalowaka na mwezi unapata mwanga wake kutoka kwa jua. Watu wa Athens wakamshitaki kuwa ameitukana miungu yao.

Kisha akaja Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Nabii Isa, ambaye vitabu vya Kiarabu vinamwita Aristu. Huyu alipanga elimu yote ya wakati wake. Alisema ardhi ni mviringo na akatoa dalili nzuri: mwezi unapopatwa, kivuli cha ardhi kinachouangukia kina ukingo wa duara, na mtu akisafiri kwenda kusini anaona nyota ambazo kaskazini hazionekani. Lakini alisema na jambo jingine zito. Alisema ulimwengu hauna mwanzo. Ulikuwepo milele na utakuwepo milele, na mbingu zinazunguka bila kuanza wala kusimama.

Shika jambo hilo, ndugu yangu, maana ndilo litakaloleta ugomvi mkubwa baadaye.

JE, KUULIZA NI HARAMU?

Tuanze na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa sahaba Imran bin Husayn (R.A.) kwamba watu wa Yemen walimjia Mtume wakamwambia kuwa wamekuja kujifunza dini na kumuuliza juu ya mwanzo wa jambo hili, yaani mwanzo wa viumbe. Hebu fikiria, hilo ndilo swali la Thales! Je, Mtume aliwafukuza? Aliwaambia mtakufuru? Hapana. Aliwajibu kwamba Allah alikuwepo na hapakuwa na kitu kingine, na kwamba Arshi yake ilikuwa juu ya maji, kisha akaumba mbingu na ardhi.

Kuna jambo la kusikitisha katika habari hiyo. Imran anasema mtu alimjia akamwambia ngamia wake ametoroka. Akatoka kwenda kumtafuta, akayakosa maneno yaliyobaki. Baadaye alitamani lau angemwacha ngamia apotee na yeye abaki kusikiliza. Vijana, ni ngamia wangapi wanatutoa sisi darsani? Simu imelia, mpira unaanza, bodaboda inanisubiri.

Qur'ani nayo inawasifu watu wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi huku wakimkumbuka Mola wao wamesimama, wamekaa na wamelala. Soma Suratu Al Imran, aya ya 190 na 191. Na Nabii Ibrahim (A.S.), katika Suratul An'am kuanzia aya ya 75, aliwafundisha watu wake kwa kutazama mbingu: nyota ikatua, mwezi ukatua, jua likatua, akasema vinavyotua haviwezi kuwa Mola. Sisi watu wa ziwani tunaliona jua likizama majini kila jioni. Somo la Ibrahim liko mbele yetu.

NJIA TATU ZA KUJUA

Dini ya Kiislamu ilipoenea, Waislamu walikutana na vitabu vya Wayunani. Mjini Baghdad, hasa zama za Khalifa Al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, vitabu hivyo vilitafsiriwa kwa Kiarabu. Miongoni mwa watafsiri wakubwa alikuwepo Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo. Waislamu hawakuona haya kujifunza kupitia kwake. Hata neno letu "falsafa" ni la Kiyunani, limepita katika Kiarabu mpaka likatufikia sisi.

Lakini hawakumeza kila kitu. Walikuwa na mizani. Imam Nasafi, aliyefariki mwaka 1142, katika kitabu chake cha akida anaanza kwa kusema kuwa viumbe wanapata elimu kwa njia tatu: hisia zilizo salama, akili, na habari ya kweli. Habari ya kweli ni ile iliyopokewa na watu wengi ambao haiwezekani wote wakapanga uongo, au iliyoletwa na Mtume aliyethibitishwa.

Mfano uko hapa hapa ziwani. Wayunani walibishana sana juu ya mto Nile: unatoka wapi, na kwa nini unafurika wakati wa kiangazi? Herodotus, katika karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, ametaja maoni matatu ya wenzake na kuyakataa yote matatu. Walikuwa na akili kali watu hao, lakini hakuna aliyefika huku. Macho hayakuona na habari haikuwafikia. Katika karne ya 2 baada ya Nabii Isa, Ptolemy wa Iskandaria, ambaye Waarabu wanamwita Batlamyus, aliandika kuwa Nile unatokana na maziwa mawili yaliyo kusini kabisa. Yeye hakuwa na akili kuliko Herodotus. Alipata habari kupitia wasafiri wa baharini waliofika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi akayapokea hayo na kuyapanga upya katika kitabu chake cha jiografia katika karne ya 9, na Al-Idrisi akayachora maziwa katika ramani yake ya mwaka 1154. Speke alipofika kusini ya ziwa hili mwaka 1858, watu wa huku walikuwa wamevua humo tangu enzi na enzi.

Umeona? Babu wa mvuvi asiyejua kusoma alilijua ziwa ambalo wanafalsafa wa Athens hawakulijua, kwa sababu yeye aliliona. Akili bila ya kuona na bila ya habari ina mpaka wake. Kama ni hivyo kwa ziwa, itakuwaje kwa mwanzo wa ulimwengu, ambao hakuna mtu aliyekuwepo akauona?

UGOMVI MKUBWA: ULIMWENGU NI WA MILELE?

Baadhi ya wanafalsafa wa Kiislamu walikubaliana na Aristotle kwa njia yao. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema Allah ndiye sababu ya ulimwengu, lakini ulimwengu umekuwa pamoja naye daima kama mwanga ulivyo pamoja na jua, bila ya kuwa na mwanzo katika wakati. Ibn Sina alikuwa mtu mkubwa, bingwa wa tiba, tusimvunjie heshima. Lakini wanazuoni wengine waliona hatari. Kama ulimwengu haukuwahi kukosekana, basi kuumba kuna maana gani? Na mwanga haulitoki jua kwa hiari. Je, Mola wetu anaumba kwa kutaka au kwa kulazimika?

Jibu la kwanza halikutoka kwa Waislamu peke yao. Karne ya 6, kabla ya Uislamu, Mkristo wa Iskandaria ambaye Waarabu wanamwita Yahya an-Nahwi alikuwa ameandika kumpinga Aristotle. Al-Kindi wa Baghdad, aliyefariki takriban mwaka 873, naye akaandika kuwa wakati uliopita lazima uwe na kikomo. Imam Ghazali akaikamilisha kazi hiyo katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokimaliza mwaka 1095 akiwa Baghdad. Humo aliwajibu wanafalsafa katika masuala 20, na la kwanza ni hili la umilele wa ulimwengu.

Hoja yao nitaieleza kwa mfano wetu. Wewe uko ufukweni unangoja boti ya kwenda Mfangano. Mwenye boti anakuambia: "Yako itakuja baada ya hizi nyingine kupita." Unauliza ni ngapi? Akikwambia kumi, utangoja. Akikwambia elfu, utakaa chini. Lakini akikwambia, "Ni boti zisizo na idadi, hazina ya mwisho," basi rudi nyumbani, boti yako haitafika kamwe. Sasa, kama kabla ya siku ya leo zilitangulia siku zisizo na idadi, leo ingefikaje? Na leo imefika, tumo ndani yake tumefunga. Kwa hiyo siku zilizopita zina idadi, na ulimwengu una mwanzo. Na kilicho na mwanzo kina aliyekianzisha.

Wanafalsafa hawakukaa kimya. Walisema: kama Allah aliumba baada ya kutokuumba, kwa nini wakati ule na si kabla yake? Nyakati zote zilikuwa sawa, nini kilichopambanua? Ghazali akajibu mambo mawili. La kwanza, wakati wenyewe ni kiumbe. Hapakuwa na "kabla" ambamo Mola alikuwa akingoja. La pili, alitoa mfano ambao kila aliyefunga ataufahamu. Mtu ana hamu ya tende, amewekewa tende mbili zilizo sawa kwa kila hali, hana sababu ya kupendelea moja, na hawezi kuzichukua zote mbili. Je, atakaa mpaka afe kwa njaa? La, atachukua moja. Kutaka ndiyo kazi yake hiyo, kupambanua kitu na kilicho mfano wake. Jioni utakapoinyoosha mkono kwenye sahani, ukumbuke kuwa umeshika hoja ya Imam Ghazali.

Na tuwe waadilifu. Karibu mwaka 1180 Ibn Rushd wa Qurtuba alimjibu Ghazali kwa kitabu kizima, akimtetea Aristotle. Alisema pia kuwa tofauti katika suala hili si kubwa kiasi cha watu kukufurishana. Ibn Rushd huyo huyo alikuwa kadhi, na kitabu chake cha fiq'hi, Bidayatul Mujtahid, kinasomwa na wanafunzi wa dini mpaka leo. Watu hao walipingana kwa kitabu na kitabu, hoja na hoja. Sisi leo tunapigana kwa kuonekana mwezi! Tujifunze adabu.

Najua pia kijana mmoja anajiuliza: kama kila kitu kina aliyekiumba, nani alimuumba Allah? Mtume (S.A.W.) ametutangulia katika hilo. Amesema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa shetani huja na swali hilohilo, na akatuamuru tujikinge kwa Allah na tukome. Tukome kwa sababu swali lenyewe limekosea. Hatukusema kila kilichopo kina muumba. Tulisema kila kilicho na mwanzo kina muumba. Asiye na mwanzo haulizwi aliyemuanzisha.

ANAYEITETEA DINI KWA UJINGA

Sasa nawageukia wale wanaosema elimu ya mbingu yote ni ukafiri. Imam Ghazali, huyo aliyewabomoa wanafalsafa, katika utangulizi wa kitabu hichohicho anasema kuwa hesabu zao za kupatwa kwa jua na mwezi ni za yakini, na kwamba mwenye kuzikanusha kwa jina la dini anaidhuru dini. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kuzijua hesabu hizo hatazitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na ni kama yameandikwa kwa ajili ya wazazi wa leo.

Naye ameyachota kwa Mtume. Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wa Mtume. Angekuwa mtu anayetafuta utukufu, angenyamaza. Lakini akiwa na uchungu wa mtoto, alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni dalili mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Mkiona hayo, simameni mswali. Alasiri ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa, kukawa giza kamili sehemu za kaskazini ya Uganda na Turkana, na sisi huku tukaona limefunikwa sehemu kubwa, jambo hilo lilikuwa limeshahesabiwa miaka mingi nyuma. Hesabu haikuondoa swala. Swala haikubatilisha hesabu.

Ujinga mwingine ni wa mtu anayeambiwa: "Nyota yako ni ya maji, mwenzako ni wa moto, ndoa hii haifai." Ndugu yangu, moto, hewa, maji na udongo ni vitu vinne vya Empedocles! Wapiga ramli wa Kiyunani wakavigawa kwa nyota kumi na mbili, na mpaka leo mtu anatozwa pesa kwa dhana hiyo, tena kwa visomo, adhani ni dini. Kuhesabu mwendo wa nyota ni elimu. Kudai kuwa nyota inajua riziki yako na ndoa yako ni jambo ambalo Mtume ametukataza.

SAA YA KUFUTURU SINDO

Niliahidi tutafika kwenye tende. Allah ametuamuru katika Suratul Baqara, aya ya 187, tutimize saumu mpaka usiku. Usiku unaingia kwa kuzama jua, na jua halizami kila mahali kwa wakati mmoja, kwa sababu ardhi ni mviringo, kama walivyosema Aristotle na wanazuoni wetu waliomfuata katika hilo. Al-Ma'mun aliwatuma watu jangwani wapime urefu wa daraja moja ya mzingo wa ardhi. Ardhi inajizungusha daraja 360 kwa saa 24. Gawanya, utapata daraja moja kwa kila dakika 4. Baina ya Mombasa na Sindo kuna kama daraja 5 na nusu kuelekea magharibi. Zidisha kwa 4: dakika 22. Kutoka Nairobi ni kama dakika 10.

Maana yake ni nini? Ukiwa hapa Sindo ukafungua saumu kwa adhana ya redio inayotoka Mombasa, jua letu bado liko juu ya ziwa! Umeshinda na njaa na kiu mchana kutwa, kisha umekula dakika ishirini hivi kabla ya wakati. Tofauti hiyo inapungua au kuongezeka kidogo kwa kufuata miezi ya mwaka, lakini haiondoki. Kwa hiyo usifuate ratiba ya mji mwingine bila kuirekebisha. Toka nje, tazama magharibi. Wavuvi wetu wa omena wanajua usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi, kwa sababu taa zao huvuta omena vizuri mwezi ukiwa haupo. Kama wao wanajua mbingu kwa ajili ya nyavu, sisi tutashindwaje kuijua kwa ajili ya saumu?

Kazi hii zamani ilikuwa na mtu wake msikitini, akiitwa muwaqqit, mwenye kupima nyakati. Ibn ash-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit wa msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus. Yeye aliyasahihisha makosa ya Batlamyus, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zinalingana na zile zilizokuja kuonekana katika kitabu cha Copernicus mwaka 1543. Kazi ya mtu wa msikitini hiyo, vijana.

NA SAYANSI YA LEO?

Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza kuwa makundi makubwa ya nyota yanakimbiana mbali, na kadiri yalivyo mbali ndivyo yanavyokwenda kasi. Mwaka 1965 ukagunduliwa mnururisho uliobaki tangu zama za joto kali la mwanzo, nao unatoka pande zote za mbingu. Leo wanasayansi wanakadiria kuwa ulimwengu tunaouona ulianza kutanuka takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita. Ule ulimwengu wa Aristotle, usiobadilika milele, haupo tena katika vitabu vya sayansi.

Mtu ataruka aseme: "Takbir! Suratul Anbiyaa, aya ya 30, imesema mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa!" Aya ni haki. Lakini nakuomba usiifunge Qur'ani kwenye gari la nadharia, maana gari linaweza kugeuza njia. Katika aya hiyohiyo Allah anatuambia kila kilicho hai kimetokana na maji. Hatusemi kwa hilo kuwa Thales alikuwa sawa kudai ardhi inaelea. Sayansi inatueleza namna vitu vilivyokwenda, na huzirekebisha kauli zake kila inapopata dalili mpya. Haituelezi kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu, wala wewe umekuja duniani kufanya nini. Hilo limekuja kwa njia ya tatu, habari ya kweli, na liliteremshwa katika mwezi huu.

Basi mzazi, mtoto akikuuliza, usimfukuze. Kama huna jibu, mwambie: "Twende tukaulize." Na wewe kijana, usione haya kufaulu fizikia na kuhifadhi juzuu. Andika swali lako, lilete darsani. Na usihukumu baina ya dini na sayansi kabla hujasoma hata moja kati ya hizo vizuri. Vijana wanaojua hesabu nao watengeneze ratiba ya nyakati za swala na kufuturu ya Sindo yenyewe, wamwonyeshe imamu, ibandikwe msikitini. Hiyo ni sadaka itakayoendelea Ramadhan nyingi, inshaallah.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, azikubali saumu zetu, awathibitishe vijana wetu katika imani wakiwa na akili zao timamu, na awarehemu wanazuoni waliotufungulia njia. Amin.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.